Nani Kakwambia Kuna Picha Mpya?

Ubao mweusi umeegemezwa kwenye nguzo ya mlango, umeandikwa kwa chaki: SAA 8 KIHINDI. SAA 10 KIKOREA, INAENDELEA. SAA 2 USIKU MPIRA. Chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote: ZOTE ZIMETAFSIRIWA. Mpira hautafsiriwi, lakini mwenye ubao hakuona sababu ya kuunyima sifa.

Naanza na ubao huu kwa sababu siku hizi kila mtu "anagundua" huduma mpya ya burudani mtandaoni, na neno hilo lina majivuno yake. Linamchora mtu mmoja kajifungia na simu, anapekua, anapata. Wengi ninaowajua hawajawahi kugundua burudani kwa namna hiyo. Waliletewa. Aliyeileta ni nani, na anastahili shukrani au kesi, ndilo lililowagombanisha watu wanne ambao nimewakalisha kwenye benchi moja la kibanda umiza huko Mbagala, jioni moja umeme umekatika. Nimewakalisha mimi, wao wenyewe hawajawahi kuonana. Ila maneno yao ni ya aina ninayoyasikia kila siku, nami nimeyaacha yajibizane.

Wa kwanza ni Mwenye Kibanda, aliyeanza na deki ya mikanda na TV ya chogo. Kuna Mtafsiri, ambaye sauti yake inajulikana kuliko sura yake: akikaa kimya kwenye daladala hakuna anayemtambua, akiomba kushushwa gari zima linageuka. Kuna Mwigizaji, aliyecheza filamu za Bongo enzi za DVD. Na kuna Mwanafunzi wa chuo, mwenye akaunti inayolipiwa kila mwezi na Kiingereza cha kutosha kusoma maandishi ya chini ya picha.

Mwanafunzi: Shikamoo, mzee wangu. Nasema bila kukuvunjia heshima, ubao wako umepitwa na wakati. Simu yangu inajua ninachotaka kabla sijakijua mwenyewe. Niliangalia sizoni moja ya Kikorea, kesho yake nikaletewa tano zinazofanana nayo.

Mwenye Kibanda: Marahaba, mwanangu. Zinazofanana nayo. Umejijibu. Mimi nikiona watu wamechoka ngumi siwaongezei ngumi. Kuna siku niliwawekea Kihindi cha saa tatu watu waliolipa waone makomandoo. Walinipigia kelele dakika kumi, wakatulia, mwisho wanaume wazima wanafuta macho na mashati. Simu yako ingewapa makomandoo mpaka wazeeke.

Mwanafunzi: Lakini simu inanifikisha Lagos, Seoul, Tokyo. Nimewajua wanamuziki ambao redio zetu haziwapigi.

Mwenye Kibanda: Hiyo programu ya muziki unayotumia, uliitafuta wapi?

Mwanafunzi: Ilikuwemo kwenye simu.

Benchi zima likacheka, na kwa haki. Boomplay, programu ya aina hiyo, ilianza Nigeria mwaka 2015 ikiwa chini ya Transsion, kampuni ya Kichina inayotengeneza simu za Tecno na Itel, na ilienea kwa kupandikizwa ndani ya simu kabla mteja hajaiwasha. Mamilioni ya watu "waliigundua" kama mpangaji anavyogundua kochi aliloachiwa na mwenye nyumba. Spotify ilipofika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi mwezi Februari 2021, ilikuta wenzake wameshakaa sebuleni.

Netflix yenyewe ilifungua milango karibu Afrika nzima kwa siku moja, Januari 2016. Nchini Kenya kampuni hiyo ilijaribu hata kuwapa watu wenye simu za Android kifurushi cha bure mwaka 2021, na miaka miwili baadaye ikakifuta. Picha zilikuwepo, tena za bure. Kilichokosekana ni sauti ya kuzifikisha, na hapo ndipo Mtafsiri aliposogeza kiti.

Mtafsiri: Watu wanadhani kazi yangu ni kutafsiri maneno. Kikorea sikijui. Kihindi nakijua cha nyimbo. Ninachokijua ni watu wangu. Nasoma maandishi ya Kiingereza, naangalia sura, naangalia mikono, halafu nasimulia. Inafika mahali mama mkwe anaingia jikoni, sekunde ishirini hakuna anayesema kitu. Wenye picha wameacha kimya. Kwangu kimya hakilipi. Nitasema: "Haya sasa, mwenye mji ameingia, na chumvi ya leo imezidi."

Mwanafunzi: Ndiyo ninayoikataa hiyo, kaka. Mwongozaji amekiweka kimya kile kwa makusudi, wewe umekitia chumvi.

Mtafsiri: Nimekitia chumvi kwa sababu nimemjua mama mkwe. Ngoja nikupe jambo moja. Nilikuwa nasikia kila mara msichana anasema "oppa", "oppa", na chini pameandikwa jina la mvulana tu. Nimelisikia mara mia ndipo nikaelewa: kumbe anamwita kaka. Kule mdogo hamwiti mkubwa jina lake hivihivi, kama huku kwetu. Kiingereza hakikuwa na pa kuliweka, kikaandika jina. Mimi niliposema "kaka" nilirudisha kitu kilichodondoka njiani. Sasa niambie, kati yangu na maandishi yako, nani kaiharibu picha?

Sina hakika Mwanafunzi alikuwa na jibu. Mimi sikuwa nalo. Kazi hii ina ukoo mrefu kuliko intaneti. Hapa Tanzania baba yake mmojawapo ni Kapteni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilizunguka nchi kwenye mikanda ya video kabla hatujajua neno bando. Kenya wana DJ Afro, anayemfanya komando wa Marekani aongee kama kijana wa mtaani Nairobi. Uganda wanawaita VJ, na wanasimulia kwa Kiganda. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings aliiandikia makala kazi hii ya watafsiri wa Tanzania, na kichwa chake kinazungumzia kuugeuza wali kuwa pilau. Sijui kama umewahi kupika vyote viwili. Wali wa mwenzio ukiutia viungo vyako unakuwa chakula kingine, lakini mchele ulikuwa wa nani?

Swali hilo Mwigizaji alikuwa amelishikilia muda mrefu.

Mwigizaji: Kaka, unaongea vizuri, ndiyo kazi yako. Sasa nisikilize. Sisi tukicheza filamu, nyumba ni ya kuazima, nguo ni zetu, nauli ni zetu. DVD inatoka, na tangu mwaka 2013 lazima iwe na stempu ya TRA. Meza ya jirani kuna DVD moja yenye filamu kumi na mbili za nje, sauti yako juu yake, kwa bei ileile. Haina stempu. Haijamlipa mwigizaji hata mmoja, wa huku wala wa kule. Mwaka 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo, watu wakasema wana wivu. Wivu gani? Mtu anashindana na Hollywood nzima iliyouzwa kwa bei ya andazi.

Mtafsiri: Dada, hiyo DVD iko wapi leo?

Mwigizaji: Imekufa.

Mtafsiri: Tumekufa nayo wote wawili. Kazi yangu ikitoka asubuhi, mchana iko Telegram kwenye kundi la mtu nisiyemjua, jioni iko kwenye flashi kwa yule wa pale stendi anayewarushia watu picha kumi kwa hela ya soda. Kwa nini unafikiri katikati ya picha, stelingi yuko juu ya treni, mimi nataja jina langu na namba ya simu? Si majigambo. Ndiyo stempu yangu. Wakinikata, wanaikata na picha.

Mwigizaji: Kwa hiyo mwizi naye anaibiwa.

Mtafsiri: Kwa hiyo mwizi naye anaibiwa, ndiyo. Niandike hilo kwenye ubao?

Waliposema hivyo nilitaka kuingia na sheria, kwa sababu kwenye jambo hili sheria ina busara kuliko inavyosemwa barazani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtaka mtafsiri apate ruhusa ya mwenye kazi. Hilo wote wanalijua. Linalosahaulika ni kwamba sheria hiyohiyo inaihesabu tafsiri kuwa kazi, na kuilinda, bila kuipunguza haki ya kazi ya mwanzo. Maana yake Mtafsiri si kivuli cha mtu. Akiwa na karatasi ya ruhusa mkononi, sauti yake ni mali, na anayeirusha stendi anamwibia yeye. Tatizo ni wapi aipate karatasi hiyo. Aende kubisha mlango gani, Seoul?

Mwenye Kibanda: Lakini serikali zikitaka, karatasi hupatikana. Mnamkumbuka Doudou?

Walimkumbuka, hata Mwanafunzi, ambaye wakati huo alikuwa shule ya msingi. Mwishoni mwa mwaka 2011 TBC ilianza kurusha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, Mao Doudou na Mama Wakwe Zake. Nilikuwa na jirani ambaye hakuwahi kutamka neno la Kichina maishani mwake, akaanza kumsema mkwewe kwa kumlinganisha na mama mkwe wa Doudou. Machi 2013 Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam aliitaja tamthilia hiyo kama mfano wa urafiki wa nchi mbili. Fikiri kidogo: rais wa dola kubwa anakuja na mikataba mizito, na kitu anachokitaja ili watu watabasamu ni ugomvi wa mkwe na mkamwana uliotafsiriwa. China ililielewa jambo ambalo kampuni za burudani za mtandaoni mpaka leo zinalishika kwa nusu mkono. Baada ya hapo ving'amuzi vikafuata mkondo, na leo tamthilia za Kituruki na za Kihindi zinaongea Kiswahili kila usiku majumbani.

Mwanafunzi: Basi ndiyo njia sahihi hiyo. Mkataba, studio, waigizaji wa sauti, kila mhusika na sauti yake. Kwa nini tunamhitaji mtu mmoja anayeongea kwa niaba ya kijiji kizima?

Mtafsiri: Kwa sababu wale wa studio wanasema kilichoandikwa.

Mwigizaji: Na wewe husemi kilichoandikwa, ndilo jingine nililonalo. Mwaka jana nilikaa hapahapa. Kwenye picha msichana anakataa posa, chini pameandikwa anataka kumaliza shule. Wewe ukasema ana nyodo, amezoea kuhongwa. Watoto wa kiume benchi la mbele wakapiga makofi. Pilau lako lile, kaka, lilikuwa na mchanga.

Mtafsiri hakujibu. Alitazama spika, kama vile ndiyo iliyosema. Namuunga mkono Mwigizaji hapa, wala sioni haja ya kuzunguka. Uhuru wa msimuliaji unapendeza anapomwongezea mama mkwe chumvi. Anapomnyang'anya msichana sababu yake na kumvika nyingine, amewadanganya watu ambao hawana njia ya kuhakiki. Na wengi wa watafsiri ni wanaume. Siku mwanamke atakaposhika maiki ile kwa wingi tutasikia picha zilezile zikiwa mpya.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba dawa ni kuizima sauti. Tazama kilichotokea Wakaliga, Kampala. Mwaka 2010 Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya mapigano kwa fedha kiduchu, Who Killed Captain Alex?, bunduki zikiwa za kuchonga na helikopta ya kutengenezwa kwenye kompyuta. Kompyuta ikahitaji nafasi ya kazi iliyofuata, nakala ya awali ikafutwa. Iliyobaki duniani ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, anayecheka, anayewatania wahusika, anayewatangazia watazamaji mapigano kabla hayajafika. Ilipowekwa YouTube mwaka 2015 wageni wa nchi za mbali waliipenda mno, na sauti ile ndiyo wengi wanayoikumbuka kwanza. Msimuliaji aliyedhaniwa ni mapambo akawa nusu ya kazi. Mtu angekuja leo na filamu hiyo bila VJ Emmie, mashabiki wangedai warudishiwe hela zao, na kuangalia ni bure.

Huo ndio msimamo wangu, nao nauweka hapa katikati ili usomeke ukiwa bado una moto: kampuni zimenunua picha, zikaiacha sauti mlangoni, halafu zinashangaa kwa nini wateja hawaingii. Zingeweza kuuza ruhusa ndogo, ya bei ya msimuliaji mmoja, kwa lugha moja, huku jina lake likiandikwa na malipo yakigawanywa. Kwa muziki tumeshazoea hesabu za namna hiyo: wimbo mmoja unagawanywa kwa mtunzi, mwimbaji na mtayarishaji, kila mmoja na asilimia yake. Kwa nini picha iwe mwiko?

Mwenye Kibanda: Na bando je? Mnasema mtandaoni, mtandaoni. Wewe mwanangu picha moja inakula kiasi gani?

Mwanafunzi: Inategemea ubora.

Netflix yenyewe inakadiria kwamba saa moja ya picha ya ubora wa kawaida hutumia hadi takriban GB 1, na ya ubora wa juu hadi GB 3. Mwenye Kibanda alizipokea tarakimu hizo kama hakimu anayepokea ushahidi aliokuwa ameshausikia.

Mwenye Kibanda: Sasa piga hesabu. Mtu mmoja anashusha picha mara moja, usiku, bando likiwa la bei nafuu. Kesho watu hamsini wanaiona humu. Mia tano, mia tano. Mama ntilie anauza chapati mlangoni, wa karanga anapita. Hiyo nayo si huduma ya burudani? Au mpaka iwe na nywila?

Mwanafunzi: Mzee, wenzako tangu mwaka 2023 wanawatoza watu wanaogawana akaunti moja wakiwa nyumba tofauti. Wewe una nyumba moja yenye watu hamsini.

Mwenye Kibanda: Nyumba moja kweli. Mlango mmoja, feni moja.

Hapo Mwanafunzi, ambaye namsifu kwa kutokata tamaa, alileta mfano wake mzuri kuliko yote. Alimtaja Kili Paul, kijana wa Kimasai wa mkoa wa Pwani, ambaye pamoja na dada yake Neema walianza kujirekodi wakiigiza midomo ya nyimbo za filamu za Kihindi. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini ulimpongeza rasmi, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja kwenye hotuba yake ya redio. Hana kampuni ya kurekodi, hana studio. Ana lubega, simu na uwanja wa nyumbani.

Mwanafunzi: Huyo hakuhitaji ubao wala mtafsiri. Simu ilimtoa kijijini ikampeleka India.

Mwenye Kibanda: Na nyimbo za Kihindi alizipendea wapi?

Mwanafunzi: Alisema alikuwa anaangalia picha za Kihindi tangu mdogo.

Mwenye Kibanda: Haya.

Alisema "haya" tu, kisha akanyamaza, akajifanya anahesabu chenji gizani. Haikuwa haki kabisa. Picha za Kihindi zimekuwa Tanganyika na Zanzibar tangu enzi za majumba makubwa ya sinema, na hakuna kibanda kinachoweza kujidai kuwa ndicho kilichomlea Kili Paul. Lakini Mwanafunzi naye alikuwa ameruka kitu: simu ilichukua penzi lililokuwa limeshakomaa, ikalipa nauli.

Mwigizaji: Tatizo lenu wanaume mmesahau kwamba kuna picha za kwetu. Binti ya Seko Shamte ilifika Netflix. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji imefika hadi tamasha la Toronto. Hizo hazihitaji kutafsiriwa. Mzee, umewahi kuziandika kwenye ubao?

Mwenye Kibanda: Sijaletewa, binti yangu.

Mwigizaji: Hujaletewa! Tangu saa kumi na mbili unatuambia kazi yako ni kuleta.

Hilo lilimwingia. Nakiri liliniingia na mimi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumfanya mzee huyu mlezi wa utamaduni, wakati ana njia mbili tu za kupata picha, na zote zinapitia kwa mtu mwenye flashi. Isitoshe, anayetaka kuwa mletaji halali kwa jina lake mwenyewe ana milima ya kupanda. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka shilingi 100,000 za maombi ya leseni, 1,000,000 za kuanzia, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Zimerekebishwa tangu hapo, ila wakati ule kijana aliyetaka kufungua ukurasa wa kuwaambia jirani zake picha gani ni nzuri angeona ni rahisi zaidi kununua jenereta.

Umeme ulikuwa haujarudi. Mbu walikuwa wameanza kazi. Mwanafunzi akatoa simu, asilimia kumi na nane ya chaji, akasema atawaonyesha kitu ili wamwelewe: sizoni mpya ya Kikorea, halali, imelipiwa, haijafika kwa mtafsiri yeyote. Akaiegemeza kwenye chupa ya soda juu ya meza. Watu wakasogea, na wale waliokuwa nje wanasubiri umeme wakaingia bila kulipa.

Msichana alikuwa anakimbia kwenye mvua. Mvulana akatokea na mwavuli. Wakaongea. Maandishi madogo yakapita chini, meupe, upesi.

Mwenye Kibanda: Anasema nini huyo?

Mwanafunzi akaanza kusoma, akasita kwenye sentensi ya pili, akarudi nyuma, picha ikawa imeshapita. Kimya. Msichana anatazama chini, mvua inanyesha. Kwenye giza nikasikia mtu anakohoa kusafisha koo.

Mtafsiri: Anasema amechelewa kwa sababu alikuwa anamaliza mtihani. Si kwamba hakutaka kuja. Mtihani. Na huyu kaka... tazameni mkono wa huyu kaka, mwavuli wote ameuinamishia upande wa dada, yeye bega zima linalowa.

Mwigizaji: Ongeza sauti.

Mwanafunzi: Imefika mwisho, shangazi. Simu ndogo hii.

Mwigizaji: Sijasema simu.

Mtafsiri akaongeza. Simu ikatetemeka kidogo juu ya meza, ujumbe ukapita juu ya picha, ndugu mteja umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako, na mtu mmoja wa benchi la nyuma akaomba wa mbele ainamishe kichwa.